Mwani Katika Tangi la Baba Mdogo

Mwezi uliopita nilimpeleka mwanangu kwa daktari wa meno. Chumba cha kusubiri kilikuwa na tangi la kioo lenye samaki wa baharini, na yeyote aliyepewa kazi ya kulitunza alikuwa ameshalikatia tamaa. Mawe yalikuwa yameota nywele za kijani. Nilipolikaribia nikapata ile harufu: chumvi, unyevunyevu, na kitu kama majani yaliyolala siku nyingi ndani ya ndoo iliyofunikwa. Mwanangu akaniuliza kwa nini samaki hawa wanaishi kwenye nyasi. Nikamwambia hizo si nyasi, ni mwani. Nilitaka kuendelea kumweleza nikashindwa. Viganja vyangu vilikuwa vimeanza kutoka jasho, kama vya mtoto wa darasa la nne anayesubiri kuitwa jina mbele ya wenzake.

Nilikuwa darasa la nne hasa mwaka ambao baba mdogo alirudi. Tulikaa Shelui, nasi tulikuwa watu wa barabarani. Baba aliendesha lori na tulimwona kwa wiki mara moja, wakati mwingine kwa mwezi. Mama alikuwa na mgahawa wa meza sita, mahali ambapo madereva walisimama kunywa chai na kula chapati kabla ya kupanda mlima Sekenke au baada ya kuushuka. Nyinyi mliosoma enzi zetu, mliokwenda shule na dumu la maji mkono mmoja na ufagio mkono wa pili, mnajua jinsi mgahawa wa mama unavyoweza kuwa dunia nzima ya mtoto. Mimi nilifanyia kazi za shule pale, nililia pale, na nilijua sauti ya kila lori kabla halijaegeshwa.

Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, aliitwa Yona. Aliondoka kijana akaenda Dar es Salaam, na huko akaajiriwa na mzee mmoja aliyekuwa akiuza samaki wa mapambo na kuwatunzia watu matangi maofisini na majumbani. Baba mdogo alijifunza kuzamia kuwatafuta samaki hao, akazamia miaka, mpaka siku moja alipopanda juu haraka mno sikio lake la kushoto likapasuka ndani na halikusikia tena. Yule mzee alipofunga kazi, alimpa tangi moja kama kiinua mgongo. Baba akalipakia kwenye lori pamoja na mawe, taa, pampu, mfuko wa chumvi maalumu, na samaki watano kwenye mifuko iliyojazwa hewa. Walifika Shelui jua likichomoza, baba mdogo akiwa amekaa nyuma pamoja na mizigo njia nzima.

Mama alimpa kona iliyo karibu na kaunta, akaondoa meza moja kumpisha. Alifanya hivyo kwa sababu baba mdogo alikuwa shemeji yake na alikuwa mgonjwa, ingawa mwenyewe hakusema anaumwa. Lakini alimwekea sharti: kama kitu kile kitanuka mbele ya wateja, kitatoka. Baba mdogo akakubali. Alikinga maji ya mvua kwenye pipa jipya, maana alisema maji ya kisima chetu yana madini yake yasiyoelewana na bahari. Akayachanganya na chumvi, akapima, akasubiri siku nyingi kabla ya kuwahamishia samaki humo. Taa ilipowaka mara ya kwanza, madereva waliacha chai ikapoa. Kulikuwa na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wawili wa manjano wadogo, na mmoja wa buluu kama wino, na kwenye mawe kulikuwa na matumbawe hai yaliyofunguka kama vidole. Sisi tulikuwa tunajua samaki wa ziwani, waliokauka, kwenye gunia. Huyu wa buluu alikuwa akikugeukia na kukutazama.

Baada ya wiki chache mawe yakapata vumbi la rangi ya kahawia. Baba mdogo hakushtuka. Alituambia tangi jipya ni kama shamba jipya, magugu ndiyo yanayotangulia kuota, na vumbi lile lingeondoka lenyewe. Na kweli liliondoka. Mahali pake pakaota nywele za kijani.

Sasa nieleze kosa langu, na nieleze lilivyoanza, maana halikuanza kwa ubaya.

Alasiri moja nilikuwa chini ya kaunta nikitafuta kalamu. Mama na baba mdogo walikuwa wakizungumza na hawakujua niko pale. Mama alimuuliza kama ana mpango wowote, kwa kuwa watu walishaanza kusema bahari imemrudisha nusu. Baba mdogo akasema, "Shemeji, hawa samaki wakifa, mimi hapa sina cha kunibakiza."

Mtu mzima angeelewa kwamba anazungumzia kuondoka. Mimi nilielewa kwamba samaki wakifa, yeye naye atakufa. Nilikuwa na sababu zangu. Alikuwa amekonda, alikuwa anashika sikio na kufumba macho kama mtu anayesikia kitu kibaya, na alikuwa anakaa mbele ya lile tangi saa nzima bila kutikisika. Mtoto huunganisha vitu anavyoviona. Nikatoka chini ya kaunta wakati hawapo, nikiwa nimeshajua kazi yangu ni nini. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha samaki hawafi.

Na niliona waziwazi kwamba walikuwa wanakufa njaa. Baba mdogo aliwapa chakula kidogo mno, chembe anazozishika kwa ncha za vidole viwili, mara moja kwa siku. Kisha ile kijani ilipoota, nikamwona yule wa buluu akiidonoa. Nyumbani kwetu mlenda ni mboga ya kila siku na hakuna aibu ndani yake, lakini bibi alishatusimulia miaka ya njaa ambayo watu walikula majani ya porini matupu, bila ugali, mpaka wakavimba miguu. Kwangu mimi ule mwani, jinsi ulivyoteleza na kuning'inia, ulikuwa mlenda mtupu. Samaki wa baba mdogo walikuwa wanakula majani kwa sababu hawakuwa na kitu kingine.

Nikaanza kuwalisha. Nilisaga vichwa vya dagaa kwa kidole ndani ya mfuko wa sketi ya shule, nikachanganya na makombo ya maandazi. Nikirudi kutoka shule baba mdogo alikuwa amejilaza chumbani, mama yuko jikoni nyuma. Nilisimama juu ya kreti la soda, nikasogeza kifuniko cha kioo, nikanyunyiza. Walikuja mpaka kwenye vidole vyangu. Sijawahi kujisikia mtu wa maana kama nilivyojisikia pale juu ya kreti.

Mwani ukazidi. Ukafunika mawe, ukapanda kwenye kioo, ukaanza kuyalalia matumbawe, nayo yakajikunja na hayakufunguka tena. Kadiri ulivyozidi ndivyo samaki walivyoudonoa, na kadiri walivyoudonoa ndivyo nilivyoongeza dagaa. Baba mdogo aliuchomoa kwa mkono kila asubuhi, akasugua mawe kwa mswaki, akapunguza maji na kuongeza mapya. Akazima taa siku tatu na kulifunika tangi kwa blanketi. Mimi nikainua blanketi upande mmoja na kunyunyiza gizani, nikiwahurumia zaidi. Alipofunua, maji yalikuwa na ukungu na harufu imeanza. Dereva mmoja akahamia meza ya mbali na sahani yake. Mama aliona, na baba mdogo akaona kwamba mama ameona.

Baba mdogo alikuwa na chupa ndogo ya kupimia. Alichota maji ya tangi, akadondosha dawa, akaitikisa na kuinyanyua kwenye mwanga wa mlango. Ikiwa nyekundu ilimaanisha kuna uchafu wa chakula uliooza majini. Ilikuwa nyekundu kama soda ya stroberi iliyozimuliwa. Alipima tena. Kisha akamwambia mama kwamba haelewi, kwa sababu siku hizi anawalisha siku moja na kuruka moja, na kwamba ama kuna mtu anawapa chakula, ama kuna mtu anamwaga kitu ndani.

Nilikuwa nimekaa meza ya pili nikiandika hesabu. Penseli ikasimama. Nilisikia maneno "anawapa chakula", na kwa mara ya kwanza nikajua kwamba huenda nilichokuwa nafanya kina jina, na jina lenyewe si zuri. Lakini sikuelewa chakula kinawezaje kuua. Nikajiambia hajui, kwa kuwa hakuwaona wakila majani.

Hapo ndipo anapoingia Pili. Pili alikuwa msaidizi wa mama, binti wa miaka kumi na minane, mtu wa Ulemo. Alifagia, alihudumia, alikanda unga wa chapati, na usiku alinisuka nywele akiniambia nisijikaze shingo. Wiki ya kwanza ya tangi alikuwa amefuta kile kioo kwa kitambaa chenye sabuni, akagombezwa, na tangu hapo hakukigusa. Lakini jambo likishatokea mara moja, watu hulikumbuka.

Asubuhi iliyofuata yule samaki wa buluu alikuwa amelala ubavu juu ya mchanga. Rangi ilikuwa imeshamtoka. Baba mdogo alimtoa kwa mkono mtupu, akasimama naye katikati ya mgahawa maji yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko, na meza zote zilikuwa na watu. Mama akamgeukia Pili. Akamuuliza ameweka nini mle ndani. Pili akajibu hajaweka kitu. Mama akasema ndani ya nyumba hii hakuna mwingine anayeshika sabuni na ndoo, kwamba tangu mwanzo alionywa, na kwamba kama hataki kazi aseme tu kuliko kumuulia mtu mali yake.

"Sikuweka kitu, mama," Pili akasema. Hakuinua sauti. "Uniapize kwa unachotaka."

Mama akamwambia akachukue nguo zake.

Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji. Nakumbuka kilivyokuwa cha moto na sikukiweka chini. Niliwaza kwamba nikisema, baba mdogo atajua ni mimi niliyemuua samaki, na samaki mmoja ameshakufa, na yeye amesimama pale hana rangi, na nikiongeza neno lolote atadondoka. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Leo nikiwa mkweli, nilikuwa na nyingine pia: nilikuwa naogopa. Pili alitoka na mfuko wake wa plastiki, wa rambo, akapita karibu yangu, akanigusa kichwani kama kawaida yake. Akavuka barabara kwenda kusubiri gari.

Niliacha kuwalisha siku hiyohiyo. Sikuacha kwa busara, mikono ndiyo iliyokataa. Siku ya kwanza na ya pili nilikwenda shule na kurudi bila kumwangalia mtu. Nilikaa mbali na tangi. Nilitega sikio kila baba mdogo alipokohoa. Kazi za Pili mama alizifanya mwenyewe, akaunguza chapati, akamkaripia kila mtu. Siku ya nne jioni, jua bado liko juu ya paa la duka la ng'ambo, baba mdogo alichukua ile chupa yake akapima. Akainyanyua mlangoni. Akaitikisa, akainyanyua tena.

Maji yalikuwa ya waridi hafifu, karibu na weupe.

Akamwita mama atazame. Akamwambia uchafu umepungua, na umepungua tangu yule binti aondoke. Sauti yake ilikuwa na unyonge wa mtu anayepokea habari njema asiyoipenda. "Shemeji," akasema, "kumbe ulikuwa sahihi. Ni Pili kweli."

Mpaka pale nilikuwa nimejiambia kwamba Pili atarudi, kwamba watu wazima watagundua wenyewe, kwamba ukweli una miguu. Kumbe nilipoacha kulisha ndipo nilipomfungia Pili mlango. Kuacha kwangu kumekuwa ushahidi. Nilisimama, kiti kikaanguka nyuma yangu.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa nawapa dagaa."

Hawakuelewa mara moja. Baba mdogo alinigeuzia sikio lake la kulia, akaniambia nirudie. Nikarudia. Nikawaeleza kuhusu kreti, na makombo, na blanketi. Akaniuliza kwa nini, nami nikamwambia nilivyomsikia siku ile, na kwamba sikutaka afe.

Aliiweka chupa juu ya kaunta polepole sana. Akakaa kwenye kiti cha karibu, akatazama sakafu. Nilidhani ndiyo saa yenyewe imefika, ndivyo mtu anavyokufa. Kisha akaniambia, bila kunitazama, kwamba alimaanisha atarudi Dar kutafuta kibarua, basi. Akasema samaki wale walikuwa wameshiba toka siku ya kwanza, na kwamba chakula ninachomwaga wasipokimaliza huoza, na ule mwani ndio unaokila. "Ulikuwa unaupalilia mwani," akasema. Hakunikemea. Alitoka nje, akasimama kwenye kona ya jengo, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Sikujua kama analia au anacheka. Mpaka leo sijui.

Mama hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliokota kile kiti, akakisimamisha, akaendelea kufuta meza moja ileile kwa muda mrefu. Mwishowe akasema kesho hakuna shule kwangu, tunakwenda Ulemo.

Dereva mmoja aliyemfahamu mama alitupa lifti. Lori lilipanda Sekenke taratibu, na kwenye kila kona nilitamani liharibike. Mama alikaa mbele yangu akitazama nje. Mara moja tu alisema neno, tukiwa karibu kufika: kwamba nitazungumza mimi kwanza, kisha yeye.

Pili alikuwa uani anapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, mbegu zikiruka juu ya turubai. Mama yake alikuwa pembeni anapepeta. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, lakini hakutukaribisha kukaa. Wakazungumza yeye na mama kwa Kinyiramba, maneno machache ya adabu, kila mtu akichagua lake kama anayekanyaga miiba. Pili hakuacha kupiga mpaka niliposimama mbele yake na kusema.

Nilisema yote. Alisikiliza fimbo ikiwa imesimama ardhini.

"Ulijua siku ile?" akauliza. "Nilipopita na mfuko?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

Akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka amekuona wapi. Mama akaanza kusema, akamwambia arudi, kazi yake ipo, na ameleta unga na sukari kwa mama yake kama pole. Pili akapokea zawadi kwa mikono miwili, akamkabidhi mama yake, akashukuru. Halafu akasema kwamba yeye hakufukuzwa uani, alifukuzwa mbele ya watu. Wale madereva wanapita Ulemo, wanapita mpaka Singida mjini, na yeye ni binti anayetafuta maisha. Jina lake limebaki kule mgahawani. Kama mama anataka arudi, jina lake lichukuliwe kulekule lilikoachwa.

Mama yake Pili aliacha kupepeta. Kwetu mtu mzima hamwombi radhi mtoto, na akilazimika, humwita kando, au humtuma mwingine. Nilimtazama mama usoni na nikaona amechukia, kisha nikaona chuki ile inakosa mahali pa kukaa. Akasema, "Njoo Jumatatu, asubuhi."

Jumatatu meza zote zilijaa. Pili alifika kwa gari la mapema, akasimama mlangoni na mfuko wake wa rambo, hakuingia. Baba mdogo alikuwa kwenye tangi lake. Mama alitoka jikoni akifuta mikono, akaniita nisimame karibu yake, akagonga bilauri kwa kijiko mpaka watu wakanyamaza. Akawaambia kwamba wiki iliyopita walimsikia akisema Pili ameua samaki. Akasema si kweli. Aliyefanya ni mtoto wake mwenyewe, huyu hapa, kwa utoto wake, na yeye mama hakuuliza kabla ya kuhukumu. "Nilimsingizia," akasema. "Pili, nisamehe." Sauti ilikatika katikati ya jina, akalimalizia.

Hakuna aliyejua afanye nini. Mzee mmoja wa lori la ng'ombe aliitikia tu, "Basi, yameisha," na vijiko vikaanza tena. Pili akaingia, akaning'iniza mfuko wake msumarini, akafunga kanga kiunoni, akauliza nani hajapata chai.

Baba mdogo alimkabidhi kopo la chakula cha samaki mbele ya wote na kumwambia kuanzia leo ni yeye peke yake anayelisha. Mimi nilipewa mswaki. Kila siku nikitoka shule nilipanda juu ya kreti, nikasugua mawe na kuchomoa nywele za kijani, nikaziweka kwenye bakuli ambalo Pili alilishika. Alilishika bila neno. Hakunisuka tena, nilikwenda kwa jirani. Aliponihitaji kwa jambo alimwambia mama, mama akaniambia mimi. Wiki zikapita hivyo. Mwani ukawa unapungua kwa kiasi ambacho huwezi kukiona kwa siku, ila siku moja unaona jiwe. Tumbawe la kwanza lilipofunguka, baba mdogo alituita wote tuje kutazama, tukasimama hatua mbili mbali mimi na Pili.

Ilikuwa baada ya hapo, sikumbuki ni siku ngapi. Nilikuwa nimemaliza jiwe la nyuma, nimetoa mkono majini, nakung'uta mswaki ili nishuke. Pili akasogeza bakuli karibu.

"Hapo umeacha," akasema, akinionyesha kwa kidevu.

Nikarudisha mkono majini.